Pua ya Baba Mkwe

Nianze na jambo moja ili tusipotezane njiani: mkamwana wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, na tangu tujue hii ya pili imeingia, nyumba nzima tulikuwa tunanyata, kana kwamba mtoto angeshtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Yote nitakayoeleza hapa, homa yangu, chupa, sahani na aibu iliyonipata, yanaishia kwake. Nikikengeuka nirudisheni hapo, maana kukengeuka ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa miezi ile.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka thelathini na moja, chumba cha bakteria, hospitali ileile, stuli ileile. Jina langu pale ni Pua. Hata mganga mkuu huniita Mzee Pua, wala sijawahi kununa, kwa sababu jina hilo nimelitolea jasho. Mwalimu wangu, enzi ambazo vipimo vilikuwa vichache, alinifundisha kuotesha bakteria kwenye sahani, kuinua kifuniko kidogo, na kunusa. Kila bakteria ana harufu yake. Yupo anayenukia zabibu, yupo anayenuka kama chokoleti iliyoungulia sufuriani, na yupo anayenuka choo moja kwa moja bila kuona haya. Vitabu vya sasa vinakataza kunusa. Mimi vitabu vya sasa nilikuwa naviheshimu kama wageni: vikae sebuleni, visiingie jikoni.

Mkamwana wangu tulikuwa tunafanya naye kazi chumba kimoja. Aliletwa miaka minne iliyopita, ametoka chuoni, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Mwanangu ni fundi wa majokofu. Akaja kutengeneza kabati letu la joto, lile la kuoteshea. Akalitengeneza mara tatu kwa mwezi mmoja, na kabati lenyewe halikuwa na ubovu. Nikajua hapa kuna jambo. Basi kazini yule binti akawa ananiita mkuu, nyumbani ananiita baba, na mimi nikaamua kumrithisha pua. Nikimaliza kunusa sahani nampa, nasema, "Nusa." Anainama, anafumba macho, anatafakari, kisha anataja jina la bakteria. Hakosei. Miaka minne hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nawatambia watu kwenye chai kwamba pua nzuri hairithiwi kwa damu peke yake, yaweza kurithiwa hata kwa ndoa.

Sasa homa.

Ilikuja na ratiba. Asubuhi naamka mzima, naoga, nakwenda kazini. Ikifika saa kumi jioni baridi inaanza katikati ya mgongo, inapanda mabegani, meno yanagongana. Usiku jasho, mpaka mama watoto anabadilisha shuka huku analalamika. Asubuhi, mzima tena. Mama watoto alisema homa yangu imeajiriwa, ina saa ya kuingia na saa ya kutoka.

"Muda wa kuchota maji ukifika tu, baba watoto anatetemeka," aliwaambia majirani, nao wakacheka, na mimi niliyejifunika blanketi nikacheka, ingawa magoti yalikuwa yananiuma kama ya mtu aliyebebeshwa gunia siku nzima.

Nilijipima malaria mwenyewe. Nikapaka damu yangu kwenye kioo, nikatia rangi, nikakaa kwenye hadubini saa nzima. Hakuna kitu. Daktari wetu, kijana mpole mwenye haraka, akanipa dawa za malaria hata hivyo, akasema ni tahadhari. Hazikufua dafu. Akanipa dawa za homa ya matumbo, siku kumi, na hapo homa ikatoweka kabisa! Hamu ya kula ikanirudia, nikaanza kutembea nikipiga mluzi. Wiki mbili baadaye, saa kumi kamili jioni, baridi ikarudi palepale mgongoni, kama mtu aliyekuwa ametoka kidogo kununua vocha.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa kweli. Ugonjwa usiosikia dawa naujua. Ugonjwa unaosikia dawa naujua. Huu uliokuwa unasikia, unanyamaza, halafu unaendelea na shughuli zake, sikujua niuweke kundi gani. Na kichwa chenyewe hakikuwa changu tena. Siku moja nilikuta kikombe changu cha chai ndani ya kabati la joto, katikati ya sahani za wagonjwa, na aliyekiweka alikuwa mimi. Nikamwita mkamwana kwa jina la marehemu dada yangu. Nikalia kwa tangazo la sabuni redioni. Mkuu wa maabara akaanza kuniambia kwa upole, "Mzee, si vibaya kupumzika," na upole ule ulinikera kuliko matusi.

"Mganga hajigangi," mama watoto akasema. "Jikabidhi kwa wenzio."

Nikajikabidhi kwa mkamwana. Akanifunga mpira mkononi, akanitoa damu, akaitia kwenye chupa yenye maji ya lishe, tukaiweka kwenye kabati la joto. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: chupa inakaa siku tano. Kila siku unaiinua kwenye mwanga. Maji yakichafuka, kuna bakteria ameota. Siku ya tano yakiwa bado safi, unaandika "hakuna kilichoota", unatupa. Sheria hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwa mwandiko wangu mwenyewe, herufi kubwa za wino mwekundu: SIKU YA TANO TUPA. Maana kabati ni dogo na wagonjwa ni wengi, na chupa isiyosema kitu siku tano haina la kusema.

Chupa yangu ya kwanza, siku ya tano, maji safi. Nikaitupa kwa mkono wangu. Ya pili vilevile. Safi. Nikatupa.

Siku nilipotupa ya pili, mkamwana alinikuta chumba cha chai nimeegemea ukuta.

"Baba, nina wazo. Lakini usikasirike."

"Nani anakasirika?" nikasema kwa hasira.

Akachukua fomu tupu, akaigeuza, akachora duara kubwa. Ndani ya duara akachora duara dogo, na ndani ya hilo dogo vitone.

"Hizi ni zile seli za ulinzi, zile kubwa zinazomeza vijidudu. Unazijua kunizidi."

"Nazijua kabla hujazaliwa."

"Ndiyo, baba. Sasa seli ikimeza bakteria inamfungia kwenye kifuko, hiki hapa. Halafu inakimwagia tindikali na vitu vya kumeng'enya. Bakteria anasagwa. Wengi mwisho wao huo."

"Na vizuri."

"Lakini wapo wengine hawaogopi kumezwa. Humo ndani wengi wao wanakufa kweli, ila wachache wanabaki, na wale wachache ile tindikali ndiyo inawaamsha. Wakiionja tu wanajua wameshafika. Wanatoa vitu vyao vya kubadilisha ule ukuta wa kifuko. Kifuko kinaacha njia ya kwenda kusagwa, kinajipeleka sehemu nyingine, pale seli inapotengenezea protini zake. Wakitulia huko wanazaana. Hata seli ikitaka kujiua, kama zinavyofanya seli zilizoharibika, wanaizuia isife, maana ndiyo nyumba yao."

Nikaitazama karatasi. Vile vitone vilianza kunisogea machoni.

"Na askari mwenyewe hana habari?"

"Hana. Anaendelea na lindo. Anaingia kwenye ini, kwenye wengu, ndani ya mifupa, kwenye maungio, na anawabeba kila anakokwenda. Ndiyo maana pengine mgongo unakuuma, na magoti. Nje, kwenye damu yenyewe, wanakuwa wachache mno na wanaota polepole. Na dawa nyingi zinabaki nje ya seli, hazigongi mlango wa ndani."

"Kwa hiyo askari wangu wamehongwa."

"Hawakuhongwa, baba. Hawajui."

Hilo liliniudhi zaidi. Askari aliyehongwa utamfukuza uajiri mwingine. Asiyejua, utamfanya nini? Nikamwambia hayo ni mambo ya kwenye mitihani. Nikamwambia seli nyeupe inakula vijidudu, basi, nimefundisha hivyo miaka yote na wagonjwa wamepona. Kisha nikamwambia neno ambalo nalikumbuka mpaka leo.

"Kama kingekuwepo kitu kwenye damu yangu, mimi ningekinusa."

Akatazama chini. "Ndiyo, baba."

Ile karatasi nilikwenda nayo nyumbani mfukoni mwa shati. Mama watoto akaikuta wakati wa kufua.

"Hili yai ni la nini?"

"Siyo yai. Ni askari."

"Na hawa waliomo?"

"Adui zake."

Akaigeuza upande huu na ule. "Askari gani anambeba adui ndani mwake?"

"Ndicho nisichokielewa."

"Unashindwa kuelewa nini? Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akarudi kwenye beseni lake. Kwake habari ikawa imekwisha. Mimi nilibaki naitazama karatasi mpaka saa kumi ikafika na baridi ikanifuata kitini.

Chupa ya tatu mkamwana aliitoa kwa kunibembeleza. Akanitoa damu, akaitwa wodini, akaniachia kazi ya kuandika lebo na kuiweka kabatini. Nikaandika, nikaiweka. Siku zikapita. Siku ya tano ya chupa ile sikuikumbuka, na niseme ukweli, sikukumbuka hata kwamba ipo.

Siku ya kumi na mbili mkamwana alikuwa anasafisha kabati. Huko nyuma kabisa, karibu na ukuta, akakuta chupa.

"Baba, hii ni ya lini? Tarehe haisomeki."

"Soma vizuri."

"Nimesoma. Umeandika namba yako ya simu."

Kweli. Mahali pa tarehe nilikuwa nimeandika namba yangu ya simu, tarakimu zote kumi, kwa mwandiko mzuri. Kila aliyekuja kutupa chupa za siku ya tano aliiona ile namba, hakujua ahesabu vipi, akairudisha nyuma. Tulicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha mkamwana akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaacha kucheka.

Maji yalikuwa na ukungu.

Alichukua tone moja, akaliotesha kwenye sahani, lakini safari hii hakufanya kazi mezani. Alikwenda kwenye lile kabati la kioo lenye feni ya kuvuta hewa chafu, ambalo mimi hulitumia kuanikia glavu, akavaa barakoa, akavaa glavu mbili mbili. Nikamtania kama anakwenda mwezini.

Siku mbili baadaye sahani ilikuwa imeota. Alikuwa ameichungulia, amefanya vipimo vyake, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki juu ya meza ya kabati la kioo, akatoka mara moja kwenda kupiga simu. Mimi nikabaki kwenye stuli. Sikupanga lolote. Mkono wenyewe ulikwenda, kama unavyokwenda kwenye swichi ya taa chumbani kwako. Nikaitoa sahani, nikainua kifuniko, nikaileta usoni.

"Baba!"

Miaka minne hakuwahi kunipandishia sauti.

"Weka chini. Tafadhali, baba, weka chini."

Niliweka. Lakini macho yalikuwa yameshaona. Vitone vidogo, visivyo na rangi, vinang'aa kama umande, na harufu hakuna. Nilikuwa nimeshaviona. Vitone hivihivi, juu ya meza hiihii.

Miezi mitatu nyuma, mchinjaji mmoja wa machinjioni aliletwa na goti limevimba. Daktari akavuta maji ya goti, tukaotesha. Ikaja sikukuu ikaungana na mwisho wa wiki, na sahani ambazo kwa kawaida tungezitupa siku ya pili zikakaa siku nne. Tuliporudi, ya mchinjaji ilikuwa na vitone vya umande. Nikanusa. Sikupata kitu. Nikanusa tena, karibu zaidi, kwa kuwa haikuwahi kutokea pua yangu ikose la kusema. Nikaamua ni takataka za hewani. Nikaandika "hakuna kitu" kwenye majibu ya yule mtu, nikapiga sahihi.

"Ni nini?" nikamuuliza mkamwana. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Vipimo vyote vitatu vimekubaliana. Brusela."

Brusela niliisoma chuoni, ukurasa mmoja, nikaufanyia mtihani, nikaufaulu, nikausahau. Ni bakteria wa ng'ombe na mbuzi. Binadamu humpata kwenye maziwa mabichi, au kwa kushika damu na kondo la mnyama, na watu wa maabara humpata puani. Wafugaji wana jina lao la ugonjwa huo, nalo likanijia lote kwa pamoja. Wanauita ugonjwa wa kutupa mimba.

Nikatazama koti lake jeupe, ambalo vifungo vya katikati vilikuwa havifiki tena.

"Mwanangu. Ile sahani ya mchinjaji. Nilikupa?"

"Ulinipa, baba."

"Nikasemaje?"

"Ulisema, nusa na wewe, mimi naona haina kitu."

"Ukanusa?"

Mimba wakati ule ilikuwa ya miezi miwili; hata mama watoto alikuwa hajaambiwa. Nilikumbuka alivyoinama. Nilikumbuka macho yamefumbwa, nywele zimefungwa kitambaa cha bluu. Niliyaona yote waziwazi kuliko nilivyoona kitu chochote tangu homa inianze.

"Nakuuliza, ukanusa?"

"Sikunusa."

"Nilikuona."

"Uliniona nimeinama." Akavuta stuli, akakaa, akaanza kusema haraka kama mtu anayetua mzigo. "Sijawahi kunusa, baba. Hata sahani moja. Tangu siku ya kwanza. Chuoni walitukataza, walituambia kuna watu wamekufa. Nikiinama nabana pumzi."

"Unafumba macho!"

"Nafumba ili ionekane nanusa."

"Na majina? Unataja majina, hukosei!"

"Nakuwa nimeshapima jana yake."

Sikujua nicheke au nitafute pa kujificha. Miaka minne! Nimemtambia kwa madaktari, kwa wageni kutoka wizarani, kwa mama yake mzazi siku ya mahari.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Siku ya kwanza ulikuwa mkuu wangu. Nilipotaka kuzoea, ukawa baba mkwe."

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikamshika mkono, jambo ambalo si kawaida yangu. Lakini furaha ile haikunifikisha nyumbani. Njiani likanijia swali, na swali lenyewe likaninasa kama mwiba wa samaki. Huyu binti amenidanganya miaka minne kwa sababu ya heshima. Sasa nitajuaje kwamba leo, aliponiona natetemeka, hakunidanganya tena kwa sababu ya heshima? Na hata kama alibana pumzi, sahani ilikuwa wazi, na hewa ya chumba kile ni ya wote. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyopotea.

Nilimweleza mama watoto. Nilitegemea atanituliza.

"Ulimpa mtoto wa watu ugonjwa anuse?" akasema. Hakuongeza neno. Siku nane hakuniongelesha. Chakula kilikuja mezani kikiwa kimefunikwa, na sahani ikaondoka, na kati ya hapo kimya.

Mkamwana alifanya yanayotakiwa. Akamwambia mkuu wa maabara kila kitu, na kosa langu akalitaja kwa adabu lakini akalitaja. Akampigia mchinjaji kwa namba iliyokuwa kwenye fomu; yule mtu alikuwa bado anachechemea, ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya goti, na karatasi yangu ya "hakuna kitu" anayo mfukoni. Mimi na mchinjaji tukaanzishiwa dawa siku moja, aina mbili kwa pamoja, wiki sita, zile zinazoweza kuingia ndani ya seli. Mojawapo inageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na jasho, na kila kitokacho mwilini. Nikaambiwa nikae nyumbani.

Kisha mkamwana akajitoa damu yeye mwenyewe. Kipimo cha haraka hospitali haikuwa nacho. Ikabaki chupa. Akaandika jina lake, tarehe sahihi, na chini yake: siku ishirini na moja.

Wanaishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Kila jioni akitoka kazini alipitia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Vipi?"

"Safi."

Hayo tu. Mimi nahesabu. Siku ya tano aliposema safi, mwili mzima ulinisisimka kwa mazoea. Mkono wangu ulikuwa unatafuta pipa la taka. Nilifikiria chupa zangu mbili za kwanza, nilizozitupa nikijiona mtu makini. Nikafikiria chupa ngapi nyingine, miaka mingapi, za watu gani. Hesabu hiyo sikuweza kuimaliza na mpaka leo sijaimaliza.

Homa yangu ilikuwa inapungua. Ikiruka siku, naogopa, ikirudi, naogopa. Nilikuwa namtazama mkamwana usoni kila anapoingia kama vile ninavyotazama maji ya chupa. Akisema amechoka, nasikia nyingine. Akishika kiuno, moyo unanipasuka. Kila mjamzito anachoka na kushika kiuno, hilo nalijua, lakini kujua hakukunisaidia lolote.

Siku ya kumi na nne hakupita. Saa kumi na moja ikafika, na kumi na mbili. Nikatoka na ndala, moja yangu na moja ya mama watoto, nikakimbia mpaka kwao nikihema. Nilimkuta amelala kwenye kochi, mwanangu anampepea.

"Joto!" nikasema. "Ana joto?"

"Kila mtu ana joto, baba," mwanangu akasema. "Umeme umekatika."

Nikakaa chini pale mlangoni. Mkamwana akanyanyua kichwa.

"Safi, baba," akasema. "Nilisinzia tu."

Siku ya ishirini na moja alikuja mapema. Mama watoto, ambaye alikuwa ameshaanza kuniongelesha kwa maneno mawili mawili, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mkamwana akakaa, akavua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba.

"Nimeitazama mchana kutwa. Safi. Na tone nililootesha wiki iliyopita nalo safi. Hakuna kitu, baba. Hakuna kitu kweli."

Nikalia. Sikujaribu hata kujizuia. Machozi yakadondoka kwenye shati jeupe, na kila chozi lililodondoka likaacha doa la rangi ya chungwa.

"Mungu wangu," mama watoto akasema, "mwanamume analia soda!"

Akacheka mpaka mwiko ukamponyoka, na nilipomsikia akicheka nikajua nimesamehewa. Hata hivyo nilikuwa sijatosheka. Nilisubiri mama watoto arudi jikoni, nikainama.

"Mwanangu. Niambie kweli. Siku ile, hukunusa?"

Akavuta viatu vyake karibu.

"Baba," akasema, "chupa imeshakujibu."

Nilirudi kazini baada ya wiki sita. Karatasi yangu ya wino mwekundu haikuwepo ukutani. Mahali pake palikuwa na nyingine, mwandiko mdogo, wa heshima: "Chupa za wenye homa isiyojulikana, siku 21. Sahani hazinuswi." Pembeni ya stuli yangu kulikuwa na boksi la barakoa, bado halijafunguliwa. Watu bado wananiita Pua. Nimewaacha.

Mtoto alizaliwa baada ya miezi miwili na siku kadhaa, wa kike, kilo tatu na nusu, sauti ya mnadani. Tulikwenda kumwona, nyumba nzima. Mama watoto akambeba kwanza, akamkagua vidole, akamkagua masikio, kisha akanipa kwa kusitasita.

"Mshike vizuri. Na pua yako hiyo iweke mbali."

Wakacheka. Nikampokea. Alikuwa amefungwa kwenye kanga, kichwa kinatosha kwenye kiganja changu, utosi unapwita polepole. Nikainama kumtazama karibu, na nilipofika karibu nikagundua nimefumba macho na nimebana pumzi. Sikujua hata nimeanza lini. Kifua kimejaa, pumzi nimeizuia, na naogopa kuiachia juu yake.

Mkamwana alikuwa amelala ubavu kitandani, ananitazama. Yeye peke yake ndiye aliyejua ninafanya nini, maana amekifanya miaka minne.

"Baba," akasema, "huyu mnuse."

Nikaachia pumzi upande, mbali na mtoto, kisha nikamnusa.